Kompyuta Iliyotaka Shikamoo

Kompyuta zenyewe sita tu, na mradi uliozileta ukataka kuzichukua. Ati watoto wetu wa sekondari huku upande wa Marereni hawana maendeleo. Nilivimba! Watoto walipewa na mradi huo huo kitabu cha mazoezi chenye treni za chini ya ardhi na theluji. Theluji, Marereni! Mie mwalimu wao wa kompyuta, niliyejifunza kuandika programu kwa simu iliyopasuka kioo, huku napakia chumvi, nilikitupa kitabu ukutani. Nikawaambia, "Tengenezeni kitu mnachokijua nyinyi."

Wakatengeneza salamu. Wiki nzima walibishana nani amwamkie nani. Mwisho ikawa hivi: ukikaa, waandika umri wako. Kompyuta yatafuta kwenye orodha watu wazima wa shule waliokuzidi, na haifunguki mpaka umwandikie kila mmoja shikamoo, naye aje mwenyewe abonyeze marahaba. Mpishi wa shule alikuwemo, miaka arubaini na minne, kwa kuwa ndiye aliyekubali kufanyiwa majaribio huku maharagwe yakichemka.

Mkaguzi wa mradi akaja kutoka Nairobi na pikapu ya kubebea mashine. Mama mtu mzima, kwa macho yangu hamsini na kitu. Akakaa, akaandika: 38.

Kompyuta ikamjibu: Mwamkie mwalimu mkuu. Mwamkie mpishi.

Akaandika shikamoo mbili, midomo imebana. Mwalimu mkuu, mwoga yule, akabonyeza marahaba upesi. Mpishi akaitwa, akaja na mwiko mkononi, akamtazama mgeni, akarudi nyuma.

"Mie? Nimwitikie huyu? Siwezi!"

"Bonyeza tu, dada," mwalimu mkuu akambembeleza.

"Bonyeza wewe, ushazoea! Huyu ni wa kuamkiwa na mimi. Shikamoo, mama!"

"Marahaba," mkaguzi akaitika bila kufikiri, kisha akajishika mdomo.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Mkaguzi akaniinamia sikioni: "Iruke hii sehemu."

"Siiruki! Hii ni kazi yao! Ukitaka kupita, anza upya, sema kweli."

Mwalimu mkuu alinikanyaga mguu. Nikamkanyaga na mimi.

Mama wa watu akaanza upya. 55. Kompyuta ikafunguka pale pale, herufi kubwa ukuta mzima, maana tulikuwa tumeiunganisha na projekta: KARIBU, MKUBWA WETU WA MIAKA 55. Mwalimu mkuu akaanza kuomba radhi kwa ile marahaba yake.

Mkaguzi akavua miwani. "Nani ameandika hii?"

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama. Nikasogea karibu naye. Mtu angemgusa angenigusa mimi kwanza.

"Ni mimi, mama. Na wenzangu."

"Bila kitabu?"

"Kitabu hakina shikamoo."

Mkaguzi akafungua fomu yake, akaitazama, akautazama tena ukuta. "Sawa. Sasa nifutie umri wangu humo."

"Haufutiki, mama. Ushaingia kwenye orodha."

"Kwa nini?"

"Kufuta bado sijajifunza. Lakini kompyuta zikibaki, wiki ijayo nitakuwa nimejua."

Mkaguzi alimkodolea macho. Kisha akaniomba kalamu, akatia sahihi zibaki.

Pikapu ilirudi tupu.