Mwaka Fahali wa Babu Alipohama

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho zizini kwetu, ingawa hakupewa kauli hiyo bure. Ng'ombe walikuwa wa babu: ng'ombe wa nyama, wekundu, vifua vipana. Babu aliwapenda kuliko alivyotupenda sisi wajukuu, na hakuona haya kulisema. Macho yake yalipoanza kufifia, malisho, chanjo na uzazi vyote vikamwangukia shangazi.

Fahali wetu tulimwita Bwana Mkubwa. Babu alimlea kwa chupa tangu ndama, mama yake alipokufa, na sasa shingo ilikuwa nene kama gogo. Akifika langoni, kila mtu alikumbuka kazi aliyoiacha kwingine.

Shida ikawa mabinti zake. Mitamba aliowazaa walikuwa wamekua, wanataka dume, na dume pekee zizini alikuwa baba yao. Shangazi aliwatenga kwenye malisho ya juu. Mvua ikaja ikaangusha uzio, na Bwana Mkubwa hakusubiri kualikwa. Ndama waliotokana na ziara ile walizaliwa wadogo, wanyonge. Mmoja alishindwa kusimama. Shangazi akamkamulia yale maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano, akamnywesha kidogo kidogo, akamsugua kwa gunia hadi mikono yake ikafa ganzi. Hakupona.

Siku hiyohiyo shangazi aliingia sebuleni na mabuti yake ya zizini, jambo ambalo bibi hakuliruhusu kamwe, akasimama mbele ya kiti cha babu.

"Baba, Bwana Mkubwa lazima aondoke."

"Aende wapi? Yule ni mtu wa nyumba hii."

"Ndiyo maana. Hawezi kuwa baba na mume wa watu walewale."

Bibi alicheka jikoni mpaka kifuniko cha sufuria kikamponyoka. Babu hakucheka. "Kila ng'ombe anayesifiwa hapa ni damu yake."

"Sibishi, baba. Nataka damu hiyo ibaki nzuri. Njoo umshike mmoja."

Akamwongoza hadi kwa ndama dume mmoja aliyebaki hai. Babu alipapasa mbavu, akashuka magotini, akarudi mgongoni. Alichukua muda.

"Huyu ni wa Bwana Mkubwa?"

"Ni wake. Akikua kidogo nitamhasi, anenepe tu. Sitamwacha azae."

Babu akafuta mikono kwenye shati, akarudi ndani. Siku kadhaa hakuzungumza na binti yake ila kumwomba chumvi mezani. Kisha asubuhi moja akaniambia nimletee kamba.

Tulibadilishana fahali na fundi bomba mstaafu, rafiki wa babu, aliyefuga ng'ombe wa damu nyingine kabisa ng'ambo ya mto. Babu alimpeleka Bwana Mkubwa mwenyewe, mkono shingoni mwake, na sikujua nani alikuwa anamwongoza nani.

Fahali tuliyerudi naye alikuwa kijana, mpole, mweusi. Shangazi alikuwa amemkagua macho, kwato, mwendo, na zile sehemu ambazo bibi alizitaja kwa kukohoa. Hata hivyo hakumwachia kundi zima. Alimpa mitamba wachache kwanza, asije akachoka kabla hajajua kazi. Fahali akala majani, akawatazama, akaendelea kula.

"Dume gani hili?" babu akalalamika. "Nasikia linaogopa kuku."

"Mwache azoee. Mama anasema hata wewe ulipokuja kuposa ulikaa kimya mpaka chai ikapoa."

Akazoea. Mtamba wa kwanza alipofika wakati wake wa kuzaa, adhuhuri, ilitokea pua na kwato moja tu. Shangazi akanawa mkono kwa sabuni hadi begani, akalala chini nyuma ya ng'ombe. Mtamba aliposukuma, shangazi alitulia. Mtamba alipopumzika, shangazi alimrudisha ndama ndani kidogo, akatafuta ule mguu uliokunjika, akafunika kwato kwa kiganja isije ikamchana mama, akaunyoosha. Kisha yeye akavuta, mama akasukuma. Ndama akateleza nje, kimya. Shangazi akamtia unyasi puani. Ndama akapiga chafya, na kabla dawa aliyompaka kitovuni haijakauka, alikuwa amesimama, anatafuta chuchu upande usio na chuchu.

Babu aliletwa akampapasa. "Mgongo huu!" akasema. "Lo, mgongo huu!" Shangazi akageuka kunawa, akanawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ndama wote wa msimu ule walikuwa wa namna hiyo, wazito, wakorofi. Wakati wa kuwaachisha kunyonya walipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini, na waliokuja kulalamika wakabaki uzioni, wanawatazama. Wengine wakaanza kumwita shangazi akawachagulie madume.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja, alizunguka kundi, kisha akamuuliza babu, "Mzee, nani anakupangia uzazi wa ng'ombe hawa?"

Babu aliinuka kitini, akajishika kwenye nguzo ya baraza. "Binti yangu," akasema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani. "Alinipinga mimi, na alikuwa sawa."

Shangazi alikuwa amewageuzia mgongo, amekumbatia kichwa cha ndama, nami nimemshika ndama miguu. Niliona mabega yake yakipanda, yakatulia.

"Shika miguu vizuri, wewe," akaniambia. "Usinitazame."