Msafirishaji Niliyemkataa Mbele ya Watu

Nilimtambua kwa sauti. Nilikuwa nimeketi dukani kwangu mtaa wa Malvern, simu sikioni, nikiwapigia wasafirishaji mmoja baada ya mwingine, kwa sababu nilikuwa nimenunua gari jipya la spoti na nilitaka linitangulie nyumbani Morogoro. Wa kwanza hakupokea. Mwingine alitaka nilipeleke gari Durban mwenyewe likapakiwe melini. Huyu alipokea kwa ukarimu mwingi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Tuelewane, mama. Gari lako litafika kama lilivyotoka dukani."

Neno lile "tuelewane" alilivuta, kwa sauti ya kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua. Nililifahamu. Nikamwuliza yadi yake iko wapi, akasema ni hapo nyuma ya Barabara ya Jules, karibu kabisa nami. Nikamwambia nitampigia tena. Nilipokata simu, binti yangu, aliyekuwa anakunja sare za walinzi kwenye kaunta, aliniuliza kwa Kiingereza nacheka nini. Sikujua kwamba nacheka.

Nilikuja nchi hii na mume. Tulikutana Morogoro alipokuwa mkimbizi wa siasa, tukaoana, na utawala wa makaburu ulipokoma yeye alirudi kwao na mimi nikahamia ugenini. Tulikaa mtaa wa Alexandra kwa ndugu zake. Alipofariki waliniachia chumba uani, nikaweka cherehani humo, nikawa nashona sare za shule na kumlea binti yetu. Majirani waliniita kwa jina la ukoo wa mume wangu. Nikaamini kwamba mimi ni mtu wa pale.

Kisha ukaja ule mwaka wa vurugu dhidi ya wageni. Vijana walipita uani kwa uani wakiwauliza watu kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Mimi neno nililijua, mume wangu alinifundisha, lakini ulimi wangu ulinisaliti, na mtu niliyemshonea watoto wake sare akasema, "Huyo si wa hapa." Asubuhi iliyofuata jirani mmoja mwenye huruma alinisaidia kutoa cherehani na begi la nguo mpaka barabarani, akaniambia nikimbilie kituo cha polisi. Binti yangu alikuwa mdogo, na kulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Tukiwa pale barabarani, likaja lori na kusimama kwenye robot, taa za barabarani. Dereva nilimjua kwa sura tu, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa akichukua mizigo ya wafanyabiashara. Nyuma alikuwa na friji na makochi, na nafasi iliyobaki ingetosha kulaza ng'ombe. Nilikimbia na mtoto mkononi, nikagonga mlango.

"Kaka, tupandishe. Tushushe popote."

Alishusha kioo kidogo. Akanitazama, akamtazama mtoto.

"Wewe si uliolewa na wenyeji?" alisema. "Basi wenyeji wako wakusaidie. Tuelewane, dada."

Taa ikawa kijani, akaondoka. Kelele zilikuwa zinakaribia. Niliiacha cherehani pale pale kwenye lami, nikamvuta mtoto tukakimbia. Nilipogeuka, walikuwa wameshaitupa kwenye moto wa matairi. Tulikaa kwenye mahema ya kituo cha polisi na mamia ya watu, na kila nilipofumba macho sikuwaona wale vijana. Nilimwona mtu wa kwetu akipandisha kioo.

Baada ya hapo nilihamia Malvern, nikaanza upya kwa cherehani ya kuazima, na Mungu akanifungulia. Leo nashonea makampuni ya ulinzi sare za walinzi wao, na nina mafundi wa Burundi na Kongo. Siku moja nilipeleka sare Sandton, nikaliona gari lile nyuma ya kioo cha duka la magari. La njano, milango miwili, chini kiasi kwamba unajishusha kama unayeketi mkekani. Nilipolirudia baadaye kulinunua, muuzaji aliniuliza mwanangu atakuja lini kuliona. Nikamwambia mwanangu ana gari lake. Nilikuwa nimeamua kurudi Morogoro kupumzika, na sikutaka kurudi kwa unyonge.

Sasa yule bwana. Binti yangu nilimweleza jioni ile tulipokuwa tunakula. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kizulu au Kiingereza.

"Eish, mama, tafuta kampuni nyingine," alisema. "Mimi nakumbuka baridi tu. Huyo mtu hata simkumbuki."

"Ndiyo maana nakumbuka kwa niaba yako."

"Unataka kumfanya nini?"

"Nataka anitake," nikamwambia. "Anitake kwelikweli. Halafu nimwambie hapana."

Akatikisa kichwa, akaendelea kula. Lakini hakunikataza.

Kumfanya anitake haikuwa kazi. Mimi ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama wa Kitanzania hapa, na kila mwisho wa mwaka tunatuma mizigo nyumbani kwa pamoja: makabati, mablanketi, masufuria, majokofu, vitanda vya maharusi. Msafirishaji tunayemchagua hula mwaka mzima. Nilimpigia, nikamwambia gari langu ndilo jaribio, na akinifurahisha, mizigo ya chama ni yake. Siku iliyofuata alikuwa dukani kwangu amevaa suti.

Alikuwa amenenepa, na nywele zimerudi nyuma. Mimi pia nimenenepa na navaa miwani. Hakunitambua hata chembe. Alilizunguka gari, akasema, "Mashallah, mama, hili ni gari la waziri." Nikamwuliza ana trela la kufunikwa. Analo. Bima? Ipo. Gari lenyewe liko chini, litapandaje bila kukwaruza tumbo? Atatengeneza ngazi ndefu ya mbao. Nikasema sitaki mbao chafu, zifunikwe zulia. Akacheka, akadhani natania, kisha akasema sawa. Kila siku nilimpigia na jambo jipya. Matairi yafungwe kwa mikanda mipya. Dereva wake aje nimwone. Dereva asiwe mvuta sigara. Akabadilisha dereva. Alipokuja aliniletea mchele, akanipigia magoti nusu kama anayesalimia mama mkwe wake. Nilipokea mchele, nikaupika, nikaula kwa raha.

Wakati huohuo nilikwenda Yeoville kumwona mama mmoja wa Kikongo, mjane, aliyerithi malori ya mumewe. Ofisi yake ni kiti cha plastiki ndani ya saluni ya rafiki yake. Nilimwambia nina gari la spoti la kupeleka Morogoro.

"Mama, sitakudanganya," alisema, kichwa kikiwa nusu kimesukwa. "Mimi niko na lori ya wazi. Nitafunika na turubai. Gari itafika, lakini itafika na vumbi."

"Vurugu zile ulikuwa wapi?" nilimwuliza.

Alishangaa. "Hapahapa. Lori ya bwana yangu ilibeba watu mpaka kanisani. Walivunja kioo yake yote. Kwa nini?"

"Njoo Jumamosi," nikasema. "Njoo na lori."

Jumamosi niliwaita akina mama wote wa chama, nikasema tunachagua msafirishaji, waje wajionee. Walikuja na vitenge vyao na watoto wao, wakajaa mbele ya duka mpaka wapita njia wa Jules wakasimama kutazama. Yule bwana alifika na trela lake limeoshwa, linang'aa, jina la kampuni limeandikwa upya. Nyuma yake yule mama Mkongo akaja na lori lake la wazi, akaegesha kando. Bwana alilitazama lori lile, akacheka.

Alitandika zulia kwenye ngazi kwa mikono yake. Alipiga magoti na suti yake kwenye lami ili ahakikishe bampa haigusi. Niliingia garini, nikalipandisha polepole, likaingia ndani ya trela bila kugusa kitu. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikatoka, nikasimama juu ya ngazi, yeye akiwa chini yangu anajifuta jasho na kutabasamu.

"Kabla hatujamaliza," nilisema kwa sauti, "nina swali moja. Ukimkuta njiani mama wa kwetu, ana mtoto, anakimbia kuuawa, na lori lako lina nafasi, utafanya nini?"

"Mama!" alisema, mikono kifuani. "Sisi huku ni ndugu. Nitampakia, hata kama ni kumweka mapajani."

"Mbona mimi hukunipakia?"

Tabasamu lilibaki mdomoni kwa muda, halina mwenyewe. Nikavua miwani.

"Alexandra," nikasema. "Kwenye robot. Ulikuwa na friji na makochi. Uliniambia niliolewa na wenyeji, basi wenyeji wanisaidie. Mtoto niliyekuwa naye ni yule pale mlangoni."

Watu wote wakageuka kumtazama binti yangu. Alikuwa amekunja mikono, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mama, siku zile kila mtu alikuwa na hofu," bwana alisema. "Mzigo haukuwa wangu. Mimi mwenyewe nilikuwa nanusuru roho yangu."

"Ningekuelewa kama ungesema hivyo siku ile. Ungesema unaogopa. Wewe ulinitukana."

Mama mmoja mzee wa chama akasema, "Jibu, baba," na yeye akatazama viatu vyake.

Niliingia tena garini. Nikalirudisha nyuma juu ya zulia lake, likashuka, na kwa kuwa lilikuwa barabarani na limewaka, nikakanyaga mafuta nalo limesimama, likanguruma mpaka madirisha ya duka yakatetemeka. Sikuwa na haja ya kufanya vile. Nilifanya kwa sababu nilitaka. Kisha nikalipeleka kwenye lori la mama Mkongo. Ngazi yake ilikuwa fupi, bampa likakwaruza, nikasikia kwa moyo wangu, nikaendelea kupanda. Tulipiga kura palepale kuhusu mizigo ya chama. Hakuna aliyeinua mkono kwa yule bwana. Alikunja zulia lake mwenyewe mbele ya watu wote, na sitasema uongo, nilimtazama mpaka alipomaliza.

Si wote waliofurahi. Rafiki yangu mmoja aliniambia jioni yake, "Shoga, ungemwita pembeni. Umemvua nguo mtu mzima." Nikamwambia mimi pia nilikuwa mtu mzima.

Baada ya wiki alikuja dukani peke yake, bila suti. Nilidhani amekuja kudai gharama za zulia.

"Mama, habari imefika nyumbani," alisema. "Mke wangu ananiuliza kama ni kweli. Watoto wamesikia. Hataki hata kuniandalia chai. Nakuomba umpigie, umwambie lilikuwa jambo la biashara, kwamba labda ulinifananisha."

Nilizima cherehani. "Sikukufananisha."

"Najua."

"Basi nenda kamwambie mwenyewe kwamba sikukufananisha."

Akaniambia samahani, kwa sauti ndogo, bila "tuelewane" wala maneno mengine. Nadhani ilikuwa ya kweli. Nilimtazama na nikatafuta ndani yangu kama kuna kitu cha kumpa, sikukipata. Nikamwambia nimesikia. Nikawasha cherehani, naye akaondoka. Nasikia sasa mizigo anapakia Pretoria, kwa watu wasiomjua.

Gari lilichelewa. Mvua ilinyesha Zambia, turubai likapeperuka, na mama Mkongo alinipigia kutoka Tunduma akilalamika kwamba maafisa wa forodha wanapanga foleni kupigwa picha nalo. Lilifika Morogoro limejaa matope, bampa lina mkwaruzo na mlango mmoja una alama ya kamba. Dada yangu aliyelipokea alinitumia picha zake, na binti yangu akazitazama begani kwangu.

"Trela lile lingelifikisha bila doa," alisema. Halafu akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, kile cha kuvunjikavunjika, "Mama, wewe sasa nafurahi?"

Nikamwambia nimefurahi sana. Akazikuza zile picha, akaanza kutafuta fundi wa rangi wa Morogoro kwenye simu yake.