Picha ya Mama Rasoa Isiyo na Nafasi Juu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mteja akicheka sana namshuku, asipocheka namshuku zaidi. Kwa hiyo Harun alipoingia studio yangu hapa Nakuru na kusema anataka picha ya mama yake yenye ukubwa wa mlango, nilimkagua kuanzia viatu. Masharti yake yalikuwa mawili tu: kila kitu usoni kionekane, na juu ya kichwa niache nafasi ya kutosha.

"Nafasi ya nini?" nikamuuliza.

"Ya maandishi," akasema, macho kwenye simu.

Nikajiambia huyu anautaka udiwani, na mama mzazi ndiye atakuwa bango la kampeni. Sikuuliza tena. Hivyo ndivyo nilivyojikuta na safari ya kwenda kwa mama huyo, Shinyalu, kaunti ya Kakamega.

Kamera yangu ya kila siku haiwezi picha ya ukubwa huo bila uso kuanza kuvurugika. Nikaazima ya rafiki yangu, ile wanayoiita midiamu fomati. Sensa yake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa kuliko ya kamera tulizozoea, na ndani hakuna kile kioo cha kurukaruka, hivyo unaiona picha kwenye skrini jinsi itakavyotoka. Rafiki yangu aliisifu mpaka nikaanza kuitilia shaka. Kama ni nzuri hivyo, mbona kwenye harusi yeye mwenyewe hubeba ile nyingine?

Asubuhi, kwenye stendi ya mabasi Nakuru, nilianza kupata jibu. Kamera yenyewe ina uzito wa haja, lenzi yake nayo ni kama chupa ya chai, na kwa kazi hii ilinibidi nibebe stendi ya miguu mitatu. Begi nililipakata njia nzima. Abiria wa kando yangu alifumba macho akisali, nami nikashuku kwamba anafungua jicho moja kidogo.

Kakamega mjini tulifika mchana. Niliingia hoteli moja nikaagiza ingokho, kuku wa kule, na obusuma, yaani ugali, wa kumshushia, nikaomba kamera iunganishwe na umeme, kwa maana betri ilikuwa imeshuka karibu nusu na nilikuwa nimeijaribu tu nyumbani kwa kupiga picha paka. Skrini ya kukuonyesha kila kitu hula betri muda wote. Hilo rafiki yangu hakulitaja.

Matatu ilinishusha Khayega, nikapanda boda boda kuingia Shinyalu. Mwendeshaji aliitazama stendi, kisha akanitazama mimi.

"Madam, hiyo si ya kupimanga shamba?"

"Ni ya kamera."

"Sawa. Ni vile watu wa huku hawapendangi mambo ya kupima shamba." Alisema sawa, lakini hakusadiki. Nilimwona kwenye kioo chake cha pembeni akinichunguza, na nikafurahi kidogo kukutana na mtu wa aina yangu.

Kabla ya soko tulikutana na kundi la watu wakikimbia na fahali wa kupigana, ngoma za isukuti zikiwatangulia. Niliruka chini nikatoa kamera. Ikatafuta fokasi, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikafikiri. Ilipomaliza kufikiri nilikuwa na picha safi ajabu ya kichaka cha majani chai, na upande mmoja mkia wa ng'ombe uliotiwa ukungu. Mwendeshaji alichungulia skrini, akasema hata simu yake ingempata huyo fahali. Nikairudisha kamera begini.

Nyumbani kwa Mama Rasoa ni mwendo mfupi kutoka sokoni, kwa njia ya miguu kati ya mahindi na maharagwe. Nilimkuta sebuleni, mwanamke mwembamba aliyevaa sweta ya buluu, ameketi karibu na dirisha.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe, msichana wangu. Karibu. Wewe ndio Wambui Harun ametuma?"

Alinipa chai. Wakati nafungua stendi alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mimi mwenyewe huwatazama watu, na nikaanza kujihisi mwizi. Nikajifanya mchangamfu. Nikamweleza kwamba kamera hii haifichi kitu, kwamba picha yake itakuwa kubwa kama mlango ule pale.

"Na juu amekuambia uache nafasi?"

Mikono yangu ilisimama. "Ndiyo, Mama. Umejuaje?"

"Picha kubwa namna hiyo naijua. Inabebwanga mbele ya sanduku. Hapo juu wanaandikanga siku ulizaliwa na siku umeenda." Alinywa chai yake. "Tangu nitoke hospitali, Harun anapigia mimi simu kila siku. Zamani alikuwa anapiga Krismasi. Anauliza nimekula nini. Lakini hakuji. Wananiambia ni vidonda ya tumbo. Sasa wewe mtu wa mbali, niambie ukweli. Niko na nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimemshuku abiria aliyesali, nikakishuku na chombo cha watu kwa sababu kilisifiwa, na hili lililosemwa mbele yangu, mchana kweupe, studioni kwangu, nikaligeuza kampeni ya udiwani. Nilimwambia sijui, na kweli sikujua. Akasema basi tumuulize anayejua.

Nilimpigia Harun, nikaweka simu kwenye spika mezani, nikamwambia mapema kwamba mama yake anasikia. Nikamwambia anauliza ana ugonjwa gani, na picha ni ya nini.

Sauti yake ikaja, ndogo: "Nani amemwambia?"

Mama Rasoa alitikisa kichwa polepole. "Umemsikia? Hajauliza nani amenidanganya. Ameuliza nani ameniambia." Akaninyooshea kidole nikate simu.

Nilianza kukunja stendi. Nilitaka kuondoka kabla machozi hayajanishinda.

"Unaenda wapi?" akaniuliza. "Piga. Lakini usiache nafasi. Hata ya kidole."

Nikasogeza kamera karibu mpaka uso wake ukajaa, kitambaa cha kichwani kikagusa ukingo wa juu. Hapo nikakiri kwamba rafiki yangu hakunidanganya yote. Mwanga wa dirisha ulimwangukia shavuni ukapita kutoka weupe hadi giza bila kuruka hatua hata moja, na rangi ya ngozi yake ikatoka ilivyo, bila ule wekundu ambao kamera yangu humpa kila mtu. Tatizo likaja kwenye fokasi tena. Kwa karibu hivyo, sehemu inayoonekana kwa ukali ni nyembamba mno. Mama akivuta pumzi, jicho limepotea na pua ndiyo inayong'aa. Nyingi nilizifuta. Iliyobaki nikaihamishia kwenye kompyuta yangu, nayo ikakwama, ikavuma, kwa kuwa faili moja ya kamera ile ni mzigo.

Picha ilipofunguka nikaikuza ili aone. Tukapita makunyanzi, kovu dogo la tetekuwanga, unywele mmoja kidevuni uliomchekesha. Tulipofika kwenye jicho akasogea.

"Huyu ni nani?"

Ndani ya mboni, mbele ya dirisha, alikuwa amesimama mtu na kitu cha miguu mitatu. "Ni mimi, Mama. Jicho limeshika ulichokuwa unatazama."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Yaani nitundikwe ukutani miaka yote na mgeni kwa jicho yangu? Hapana. Mpigie Harun tena. Mwambie akuje asimame hapo umesimama."

Nilimpigia, usiku huo nikalala kwa Mama Rasoa, na kesho yake kabla ya saa sita gari la Harun likaingia uani. Walikaa jikoni wawili, mlango ukafungwa. Nilibaki nje na kuku. Sikusikiliza, ingawa kwa mazoea yangu ilinigharimu. Walipotoka macho ya Harun yalikuwa mekundu, na mama alikuwa amemshika mkono, kama mtu anayevushwa barabara, isipokuwa aliyevushwa ni yule mkubwa wa mwili.

Nilimsimamisha Harun nyuma ya kamera. Mimi nikachuchumaa chini ya dirisha na kuifyatua kamera kwa simu yangu, maana hilo nalo inaliweza. Safari hii Mama Rasoa hakusogea hata kidogo. Alikuwa na mtu wa kutazama.

Nilirudi Nakuru nikiwa nimelipakata begi lile lile, na nikamrudishia rafiki yangu kamera yake. Nilimwambia ni nzito, ni pole pole, inakula betri na kuizidi nguvu kompyuta, na fahali hakupatikana. Nilimwambia pia kwamba sijawahi kuona uso ukionyeshwa kwa uaminifu namna ile. Mimi nimejifunza kwamba kushuku kila kitu si sawa na kuona, na kwamba siku nyingine mteja akinijibu macho kwenye simu, nitauliza mara ya pili.

Picha ilipotoka, Harun alikuja studio kuichukua. Ilikuwa imeegemea ukuta, kubwa kama mlango, uso umejaa hadi ukingoni. Hakusema lolote kuhusu nafasi. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akatafuta jicho, akalipata, akavua kofia.

Simu yake ikalia. Nikasikia sauti ya Mama Rasoa bila hata spika.

"Umejiona?"

"Nimejiona, Mama."

"Basi ilete wewe mwenyewe. Usitume mtu."