Malke wa Pande Mbili

Sala yetu ya jioni huimbwa na pande mbili. Kulia mwa madhabahu kuna meza ya kitabu, na kushoto kuna nyingine. Hawa wakiimba ubeti, wale wanajibu. Shemasi Malke alianza kusimama kulia akiwa mvulana wa miaka minane, akipanda juu ya jiwe ili auone ukurasa, na siku hizo kila upande ulikuwa na watu kumi na tano wanaosukumana kwa viwiko.

Sasa yuko peke yake. Anaimba ubeti kulia, anavuka mbele ya madhabahu, anajijibu kushoto, anarudi. Ni hatua tisa kwenda na tisa kurudi, na goti lake halijapona tangu lilipoangukiwa na jiwe la kizingiti kazini, maana yeye ni mwashi.

Wengine wote waliondoka. Siwalaumu waliokimbia risasi, ingawa wapo niliowalaumu na nitaendelea kuwalaumu. Miaka ile kijiji kilikuwa katikati ya wenye bunduki wa aina mbili: wa usiku walitaka mkate, na wa mchana walitaka kujua nani kawapa wa usiku mkate. Watoto watano wa Malke, kuanzia Shabo mkubwa wao, wakaenda Ujerumani mmoja baada ya mwingine. Mizabibu yake ikachomwa mara mbili. Mara ya kwanza alipanda tena. Mara ya pili alikaa chini ya ukuta akalia mbele za watu, kisha saa ya sala ikafika, akaenda kugonga kengele na macho yake mekundu. Watu wakamwita mkaidi. Akawajibu kwamba mkaidi ni Mungu, yeye anamwiga tu.

Mwisho alibaki na binamu yake Isho, ambaye alisimama kushoto. Msimu wa zabibu uliopita Isho naye akafunga mizigo.

"Nani atanijibu?" Malke alimuuliza, gari limeshawashwa.

"Njoo zako Ujerumani, ndugu yangu. Kule mashemasi wanagombania meza."

"Sijakuuliza habari za Ujerumani mimi."

Isho akamkumbatia. Malke akasimama kama gogo, mikono chini, na jambo hilo linamuuma mpaka leo.

Padri huja mara moja kwa mwezi kutoka mjini. Alipomwona akichechemea huku na huku, alimhurumia. "Shemasi, soma upande mmoja tu, yatosha. Mungu anaelewa."

"Kama anaelewa hilo, baba, mbona mengine haelewi?"

Padri akanywa chai yake, akauliza habari za mvua.

Basi ikaja Jumamosi moja mwezi wa nne. Asubuhi Malke alikwenda shambani akakuta miche ya mizabibu aliyoipanda kwa mara ya tatu imeng'olewa yote, imelazwa kwa mstari, mtu kafanya kazi ile taratibu bila haraka. Hakulia safari hii. Jioni aligonga kengele, akasimama kulia, akaanza. Shmuni mkewe alikaa nyuma, kama kawaida, yeye ndiye jumuiya nzima.

Akafika kwenye ubeti unaomwomba Mungu atege sikio. Akauimba mpaka mwisho. Ubeti wa kushoto hujibu kwamba Mungu amekwisha kusikia. Malke hakuvuka.

Shmuni alikohoa. "Baba Shabo, vuka."

"Sivuki."

"Goti?"

"Si goti. Miezi saba naomba mimi, najijibu mimi, najiambia nimesikiwa. Nani kaniambia? Leo ajibu mwenyewe. Zamu yangu nimemaliza."

"Dengu zangu ziko motoni."

"Ziungue."

Shmuni hakuinuka. Naye alikuwa na yake. Wajukuu tisa, wote anawajua kwa picha tu. Wakangoja wote wawili, wakitazama ile meza ya kushoto. Mbwa akabweka nje, akanyamaza. Mwanga ukapungua dirishani. Hakuna aliyejibu.

"Hata Isho na uvivu wake hakuchelewa hivi," Shmuni akasema.

Malke hakucheka. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka masikioni. Mkono wake ulikuwa juu ya kitabu, na alijua vizuri kwamba akikifunga sasa, kesho hatagonga kengele, na katika kijiji hiki hakuna mwingine wa kukifungua. Akakiacha wazi.

Kisha akavuka, hatua zote tisa, akinung'unika. Akaimba kwamba Mungu amesikia, akikodolea macho madhabahu kama mtu aliyetukanwa, na hakuruka hata neno moja. Akarudi kulia. Zilibaki beti kumi na moja.