Dawa ya Kusafishia Picha ya Mahari

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Huku kwetu Tarime hilo halimshangazi mtu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na watoto wa binti yule wakawa wa nyumba yake. Bibi aliyemuoa mama alikuwa mjane wa Matongo, na mimi ndiye mtoto aliyetafutwa kwa ng'ombe wale. Bibi alishafariki. Mama kifua chake kimechakaa kwa ugonjwa, na ombi lake ni moja tu: akifa, alazwe pembeni ya bibi.

Baba yangu mdogo alikataa. Huyu ni mtoto wa shemeji yake bibi, na siku hizi ndiye mkubwa wa boma. Alisema mama hakuolewa, hakuna ng'ombe aliyetoka, aliletwa tu kupika na kuchota maji, na mtumishi hazikwi pamoja na wenye mji. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema, ila punda hakunywa uji wa mama miaka yote ile huku akimwita "mke wetu". Toka siku hiyo sikuweza kumtaja bila meno kukazana.

Lakini ushahidi nilikuwa nao. Mimi ni fundi picha Tarime mjini. Aliyenifundisha kazi, mzee mwenye studio, aliniachia maboksi ya negativu, zile filamu za kuchapia picha, na humo niliikuta ile ya siku mahari ya mama ilipopelekwa kwao Kisaka. Bibi alipenda mambo yake yaonekane, akamchukua mzee aende na kamera. Picha yenyewe ililiwa na mchwa sandukuni mwa bibi.

Nilianza kijinga. Niliishika negativu dirishani, nikaipiga picha kwa simu, nikageuza rangi, nikawapelekea wazee wa ukoo. Nyuso zilionekana kama makaa. Baba mdogo akasema simu za siku hizi zinamfanya mbuzi kuwa ng'ombe. Wazee walicheka, wakakubaliana naye. Wakataka picha ya karatasi, isafishwe kwa dawa kama zamani, na negativu nije nayo mkononi waifananishe.

Chumba cha giza cha mzee nilikuwa nimekigeuza stoo ya kreti za soda. Nilizitoa zote, nikaziba dirisha kwa blanketi. Mashine ya kukuzia picha ilikuwa na vumbi, lakini iliwaka. Shida ilikuwa dawa ya kusafishia. Chupa moja ilikuwa imebaki nusu, dawa imekuwa nyeusi kama kahawa. Hiyo sikuipima hata, niliimwaga. Ya pili ilikuwa haijafunguliwa, imejaa hadi shingoni, rangi yake kama chai ya rangi iliyokosa majani. Hapo ndipo unapopima, kwa sababu macho peke yake hudanganya.

Karatasi za picha zilibaki nne, nazo za zamani. Moja niliikata vipande vyembamba chini ya taa nyekundu. Nilichanganya dawa na maji kama mzee alivyonifundisha, nikachovya kipande ambacho hakijaona mwanga. Kilibaki cheupe, maana yake karatasi bado nzima. Kisha nilisogeza blanketi kidogo, nikakimulika kingine kwa mwanga wa mchana, nikakichovya nusu na kuanza kuhesabu. Dawa nzima hukifanya cheusi tii kabla hujafika sitini. Nilifika sitini, nikafika mia. Kilikuwa kijivu, rangi ya majivu ya juzi.

Nilikaa juu ya kreti nikamlaani baba mdogo, nikawalaani wazee, nikamlaani hata marehemu bibi kwa kutunza picha penye mchwa. Niliinua beseni nimwage. Ndipo nikagundua vidole vimekufa ganzi. Ilikuwa Julai, na asubuhi za Julai Tarime maji yanauma. Mzee alikuwa akisema dawa ikipoa inalala, usiizike kabla hujaiamsha. Nilichemsha maji, nikaweka beseni la dawa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, nikasubiri, nikachovya kipande kipya. Kufika ishirini weusi ulikuwa unapanda. Kufika sitini kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria.

Karatasi ya kwanza niliiharibu kwa mwanga mwingi. Kwenye ya pili walitokea bibi, mama akiwa binti kabisa, na ng'ombe. Chini ya paa la nyumba kulikuwa na mtu kivulini, haonekani vizuri. Kwa karatasi ya mwisho nilikinga sehemu ile kwa kiganja nilipokuwa naimulika, nayo ikasafishika vizuri. Akatokea kijana ameshika kamba ya ng'ombe wa mbele, sikio la kushoto halina ncha. Baba mdogo aliumwa na mbwa sikio hilo utotoni, ukoo mzima unajua. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Siku ya kikao nilimpeleka mama Matongo. Tuliwaamkia wazee, tukakaa. Walifananisha negativu na picha, wakaridhika. Picha ikazunguka. Kila mzee aliitazama, akatazama sikio la baba mdogo, kisha akatazama chini. Ilipomfikia mwenyewe, aliigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

Nilimuuliza, "Baba, huyu aliyeshika kamba ni nani?"

"Simjui," akasema, akanirudishia picha.

Wazee walisogea pembeni kushauriana. Mwisho wakatamka kwamba, ili ukoo usigawanyike, mama atazikwa hapo kwa huruma, ila nje ya uzio, kando ya njia ya kwenda josho la ng'ombe. Nilisimama, na sijui ningefanya nini. Mama alinishika mkono.

"Turudi mjini, mwanangu," alisema. "Mtu akijikana mwenyewe, mimi atanikubali vipi?"

Nimemtafutia nafasi kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowajua.