Mistari Mirefu ya Baba Yako

Mwanangu Kerubo, nakumbuka siku tulipomzika nyanya yako kule Gesima. Baba yako alikuwa ameanza tu kutengeneza tovuti za watu pale Keroka. Stima ilikuwa imepotea na hakuna kilichochapishwa, kwa hiyo nilisoma historia ya marehemu kutoka kwenye kompyuta yake ya kupakata, iliyokuwa bado na chaji. Ukurasa alikuwa ameutengeneza mwenyewe. Maneno yalienea kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine, kwa sababu, alivyoniambia, nafasi ikiwapo itumiwe. Mtaka yote hukosa yote, lakini tulikuwa vijana.

Kila nikimaliza mstari, jicho lilirudi mbali kutafuta mwanzo wa ule unaofuata. Mara moja likatua chini zaidi, nami nikaendelea. Mstari nilioruka ndio uliomtaja shangazi yako Moraa, aliyemwosha na kumlisha mama yetu hadi mwisho. Nilimwona akiinamisha kichwa, nisijue kwa nini.

Mama mdogo Bosibori, dada ya marehemu, akanyanyuka na fimbo yake.

"Ngoja hapo. Na Moraa umemzika pia?"

Watu wakacheka kidogo. Akaja akaitazama skrini, halafu akamgeukia baba yako.

"Ombati, wewe umekulia kwenye chai. Kichaka kikipanuka mpaka mkono haufiki katikati, majani ya katikati huchumwa na nani?"

"Hayachumwi, mama."

"Basi."

Baba yako akausogeza ukingo wa ukurasa ndani mpaka mistari ikawa mifupi. Nikasoma tena. Moraa akainua uso.

Tangu hapo baba yako hakumkabidhi mteja ukurasa kabla ya kuusoma wote kwa sauti. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jana ulinionyesha ukurasa uliomtengenezea yeye, baba yako, ambaye sasa naye tunajiandaa kumzika. Picha umezichagua vizuri, hata ile ambapo anacheka sokoni Ikonge. Sikusema kitu, wageni walikuwa wengi. Lakini jina lako limefichika katikati ya mstari mrefu, na ilibidi nisome mara mbili kabla ya kuliona. Siku ya mazishi atakayesoma ni Moraa, na macho yake si yale ya zamani. Sitaki uinamishe kichwa mbele ya kaburi la baba yako.

Basi yabane maneno. Mstari ubebe maneno kumi hivi, au kumi na mawili, na pembeni pakibaki patupu si hasara. Kwenye simu mistari ijikunje yenyewe, mtu asiburute ukurasa huku na huku kwa kidole. Kisha usome kwa sauti, hata kama utalia. Nitakaa karibu nawe.

Mungu aliyempokea baba yako akutulize moyo na mkono, mwanangu, na kila utakachoandika kimfikie msomaji bila kumchosha.