Nilipolifukiza Udi Gari la Deraya

Mpaka leo nikipita Kikwajuni na kanzu yangu nyeupe na kofia niliyoitia kanji, natembea kwa mwendo wa mtu mwenye heshima zake, lazima barazani au dirishani atatokea mtu alie "nyau!", na mimi nitainamisha uso nijifanye natazama saa (saa sina). Nimevumilia vya kutosha. Bora niyaseme mwenyewe, maana nikiwaachia wao wanatia chumvi mpaka paka wanakuwa mia tatu, na wallahi hawakufika hata arobaini.

Siku hizo majumba marefu ya Michenzani ndiyo kwanza yanainuka, na mimi nilikuwa karani wa skuli, kijana, sina mke wala mchumba, na mapenzi yangu makubwa duniani yalikuwa gari bovu. Lilikuwa gari la deraya la vita vya zamani, lililoachwa na Waingereza nyuma ya karakana moja, limejaa kutu kama jiwe la pwani lililojaa chaza. Bunduki yake ilishang'olewa zamani, likabaki tundu tu, na kuku wa jirani akalifanya pahala pa kutagia. Tuliliita Kobe.

Ninaposema "tuliliita" nakusudia mimi na Fundi Rajabu. Alikuwa fundi wa mabasi aliyekwisha kustaafu, mtu mfupi, mpole, aliyeweza kulaza sikio lake juu ya injini akakwambia inaumwa wapi. Kila Jumapili kwa miaka miwili tulikutana pale, yeye na mkoba wake wa spana, mimi na msasa wangu, tukakwangua kutu, tukachonga vipuri ambavyo havikupatikana tena popote, na hakuna aliyetulipa wala aliyetutuma. Bi. Saada mwuza vitumbua, aliyekaa njia panda, alikuwa akituuliza kila tukipita, "Bado tu mnamkuna huyo kobe wenu? Hajasema ahsante?" Fundi alicheka tu. Lakini siku injini ilipokohoa mara ya kwanza, ikatoa moshi mweusi ikanyamaza, nilimwona anafuta macho kwa kitambaa cha grisi, akabaki na doa jeusi kila upande wa pua.

Basi mwenyekiti wa tawi letu la chama akaja. Alitaka kiwanja kile kijengwe ghala. Alikuwa mtu wa mwili, sauti nzito, lakini si mtu mbaya, akatupa nafasi moja. Jumapili ya wiki ile palikuwa na michezo ya maskuli katika uwanja wa Amani. "Likiingia uwanjani kwa injini yake mwenyewe, bila ya kusukumwa," alisema, "nitalitafutia pahala watoto walitazame. Lisipoingia, Jumatatu wakata vyuma wanakuja."

Fundi Rajabu akajibu "Naam" moja tu, na mkono wake ulikuwa umelala juu ya bamba la gari kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Jumamosi asubuhi kila kitu kilikuwa tayari, hata rangi mpya tuliyopaka jana yake, isipokuwa mafuta ya kupaka ndani, kwenye mabamba na bawaba za milango, ili kutu isirudi. Fundi akanituma dukani. "Nenda sasa hivi, Kassim, kuna foleni, wanafunga saa sita." Nikaenda. Lakini njiani pana baraza ya kahawa, na marafiki zangu walikuwepo, na mmoja akaniuliza kesho mimi nitakaa wapi, nikamwambia nitasimama juu, katika tundu la juu, napunga mkono, naye akasema hebu tuoneshe utapunga vipi. Nikaonesha. Wakasema hapana, hivyo unafukuza nzi. Nikaonesha tena. (Nilionesha aina saba za kupunga mkono, moja nilijifunza kutoka kwenye gazeti.) Nilipofika duka limefungwa.

Hapo ningerudi kwa Fundi nikasema kweli, kisa kingekwisha. Lakini nyumbani kwetu uani palikuwa na debe la sifa, yaani mafuta ya papa, aliloliacha mjomba wangu wa Tumbatu kwa ajili ya kupaka chombo chake. Nikalitazama lile debe. Nikajiuliza, ikiwa mafuta haya yanalinda mbao ndani ya maji ya chumvi mwaka mzima, yatashindwa na chuma kilichokaa nchi kavu? Niliona nimegundua elimu mpya. Mchana ule Fundi yumo nyumbani kwake amepumzika, mimi nikalipaka Kobe ndani kote, mabamba, viti, bawaba, kitasa cha mlango wa ubavuni, sikubakisha.

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na mafuta ya papa anajua kilichofuata. Nilitoka nje macho yanatoa machozi. Na Fundi anayo pua. Basi nikaenda nyumbani, nikachukua chetezo cha mama na udi wake wa sikukuu (nao nilikuja kuulipa kwa matusi ya mwezi mzima), nikatia makaa, nikaingia ndani ya gari, nikafunga mlango nikalifukiza kama bibi harusi.

Asubuhi, hewa bado baridi, Fundi akaja na shati jeupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mafuta yametosha?"

"Yametosha, nshapaka kila pahala."

Akaingiza kichwa ndani, akavuta pumzi. "Kassim, hii si harufu ya udi?"

"Udi, Fundi. Nimelifukiza. Leo si siku yake?"

Alinitazama muda mrefu, akanishika bega. "Umefanya jambo kubwa, mwanangu," alisema, nami, mnafiki, nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Tukapiga hendeli, Kobe akawaka mara ya tatu, na tulipokuwa karibu kuondoka mwenyekiti akatokea ndani ya suti yake ya kijivu ya mikono mifupi, imepigwa pasi mpaka inakata. "Na mimi nitapanda," akasema. "Nataka kuingia uwanjani ndani ya chuma." Akajipenyeza kwa mlango wa ubavuni, akajipangusa, akasema gari linanukia vizuri, na mlango ukafungwa.

Mpaka Michenzani tulikuwa wafalme. Watu walitoka majumbani, mimi juu napunga mkono ile aina ya tano. Kisha jua likapanda, injini ikapata moto, mabamba yakapata moto, na yale mafuta ndani yakaanza kuiva. Udi ulikufa kwanza. Baada yake kilikuja kitu ambacho siwezi kukieleza kwa watu waliokula.

"Kassim!" sauti ya mwenyekiti chini yangu. "Mna mzoga humu?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti, ni... ni chuma kipya."

"Chuma gani kinanuka hivi! Simamisheni! Nafungua mlango!"

Hakuufungua. Mafuta ya papa yakikaa na rangi mbichi yanaganda kama ulimbo, na kile kitasa hakikucheza hata kidogo. Alipiga teke, akapiga bega, Kobe mzima akatikisika. Fundi Rajabu kwenye usukani, amejifunga shati puani, akapiga kelele, "Sizimi! Nikilizima haliwaki tena! Tukisukumwa tumekwisha!"

Ndipo nilipomwona paka wa kwanza. Alikaa juu ya ukuta, mweupe, akanyanyua pua, akaruka akatufuata. Kisha wawili. Kisha wakatoka Ng'ambo nzima, kutoka mapaa, mitaro, majiko ya watu, paka wa madoa na paka wa nusu mkia, mikia juu, wanakimbia nyuma yetu wanalia. Nikapita mbele ya Bi. Saada na karai lake la vitumbua.

"Hee! Kassim wa Bi. Zuwena! Jeshi gani hili lisilo na viatu?"

"Hamna kitu, Bi. Saada!"

"Hamna kitu kinanuka mpaka huku? Mama ako anajua umo humo?"

Nikampungia mkono. Sijui kwa nini. Mkono ulikuwa umezoea.

Mwenyekiti, aliyeishiwa na pumzi, akaona mwanga mmoja tu, tundu nililosimama mimi. Akalijia. Kichwa chake kikatokea ubavuni mwangu, kisha bega moja, kisha mkono, kisha hakikutokea kingine, kwa sababu tundu lile lilifanywa kwa askari mmoja mwembamba. Tukakwama, kifua kwa kifua, mashavu yamegusana, mikono miwili nje, mmoja wake na mmoja wangu.

"Shuka," akaninong'oneza.

"Siwezi, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi usitabasamu."

Hivyo ndivyo tulivyoingia uwanja wa Amani. Bendi ya skuli ilikuwa inapiga, ikafika pale mpiga tarumbeta alipotuona, tarumbeta likatoa mlio wa mbuzi, bendi nzima ikafa. Halafu mtoto mmoja akasema "nyau", na uwanja mzima ukajibu.

Wachezaji wanne walituvuta. Tulitoka kwa kuteleza, maana yale mafuta ya papa hatimaye yalifaa kitu, na suti ya kijivu haikuwa ya kijivu tena. Mwenyekiti aliondoka kwa miguu bila ya kuniangalia, paka sita nyuma yake.

Fundi Rajabu alitoka nyuma yetu kwa tundu lile lile, akakaa juu ya gurudumu. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa.

"Papa."

"Naam."

"Na udi?"

Sikuwa na pa kukimbilia. "Ili usinuse, Fundi."

"Harufu ningekusamehe," akasema, "harufu nini, nimelala chini ya mabasi miaka thelathini. Lakini mimi nlifurahi kwa udi ule, Kassim. Nlisema, mtoto huyu kalipenda gari kama mimi." Akainuka akaanza kukusanya spana zake, moja moja.

Gari liliingia kwa injini yake, hilo hakuna awezaye kulikataa, lakini mwenyekiti alikataa, na Jumatatu wakata vyuma wakaja pale pale uwanjani. Wakawasha moto wao wa gesi, wakaugusisha kwenye bamba. Mara moja tu. Bamba lilipopata moto, harufu ile ikaamka upya ikapanda mpaka jukwaani, mkata vyuma akatupa miwani akakimbia, akina mama wa nyumba za jirani wakatoka kwa makelele, na paka wakaanza kuteremka ukutani. Wakajaribu Jumanne. Jumatano hawakuja. Mwishowe mwenyekiti akasema liachwe pale pale kando ya uwanja, watoto walitazame, kwa mbali.

Nilikwenda Jumapili iliyofuata na majivu, ndimu na mswaki, nikaanza kusugua peke yangu. Nilisugua Jumapili tatu. Ya nne nikasikia mkoba wa spana unatua chini nyuma yangu, na Fundi Rajabu akasema, bila ya salamu, "Hapo kwenye bawaba bado."

Sijadanganya tena juu ya mafuta, ya papa wala ya nazi wala ya taa. Na nikiwa harusini chetezo kikinipitia, wenzangu wakajifukiza kanzu zao, mimi hukirudisha mbio kwa jirani, maana vidole vyangu vinaanza vyenyewe kutafuta cha kusugua.